Doa jeupe si ukoma, doa jeusi la unyayoni si mwiba



Majuma mawili yaliyopita nilipita soko la Butimba kununua samaki. Yupo mama mmoja pale ambaye nimekuwa nikinunua kwake sato na dagaa kwa miaka mingi. Siku hiyo nilikuta mafungu yake yamejaa kama alivyoyapanga alfajiri, na saa sita mchana ilikuwa inakaribia. Wenzake wa kushoto na kulia walikuwa wamekwisha kukunja magunia yao. Nikamwuliza, "Mama, leo vipi, biashara imelala?" Hakunijibu mara moja. Aliitoa mikono yake chini ya khanga akanionyesha. Vidoleni na viganjani, na pembeni mwa mdomo pia, alikuwa na mabaka meupe kama chokaa.

"Wanasema nina ukoma, mwanangu," aliniambia. "Wengine wanasema nimevunja mwiko wa ukoo. Mteja anachagua samaki vizuri, akiiona mikono yangu anarudisha."

Nilinunua fungu langu, nikaondoka. Lakini maneno ya mama yule hayakunitoka. Nikasema moyoni kwamba nikipata nafasi hapa redioni, nitalizungumzia jambo hili kwa kirefu, kwa sababu si lake peke yake. Na kwangu mimi, kama mtakavyosikia, lina kovu la nyumbani.

Mabaka yale huitwa mbalanga. Madaktari huyaita vitiligo. Duniani kote inakadiriwa kwamba katika kila watu 100 hukosekani kumpata mmoja au karibu na mmoja mwenye mbalanga, awe Mhindi, Mzungu au Msukuma. Tofauti ni kwamba katika ngozi nyeusi kama yetu baka huonekana toka mbali, na maneno ya watu hufika kabla ya daktari.

Ili tuelewane, tuanze na ngozi yenyewe. Chini ya tabaka la juu la ngozi zimo seli ziitwazo melanosaiti. Kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini na kuzigawia seli jirani. Melanosaiti moja huhudumia seli za ngozi zipatazo 30 hadi 40. Rangi hiyo hukaa juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli, na kukinga jua lisiharibu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Mwafrika na Mzungu wana idadi ya melanosaiti inayokaribiana. Wafanyakazi ni wale wale. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya rangi wanayoitoa.

Sasa, mwili una walinzi wake, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Wengi wetu katika Kanda hii ya Ziwa tulijifunza habari zake kwa uchungu, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kugunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tulifundishwa kwamba virusi huua walinzi, na mwili ukabaki kama nyumba isiyo na mlango. Leo nataka kuzungumzia upande wa pili wa habari hiyo: walinzi wapo, wana nguvu, lakini wamemkamata asiye mwizi.

Wazee watakumbuka sungusungu walivyoanza huku kwetu Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walifanya kazi kubwa ya kukomesha wizi wa ng'ombe. Yowe likipigwa, kijiji kizima kilitoka na pinde na mishale. Lakini ni lazima tuseme kweli, kuna siku yowe lilipigwa juu ya mtu asiye na hatia, na waliokuja kusaidia hawakuuliza, walipiga.

Mwilini mambo huenda hivyo hivyo. Wapo walinzi waitwao seli T. Hawa hufunzwa kazi katika tezi iitwayo thaimasi, iliyopo kifuani juu ya moyo. Pale hupewa mtihani. Seli T inayoonyesha dalili ya kuvishambulia vitu vya mwili wenyewe huondolewa. Hata hivyo mtihani huo si kamili, na wachache huponyoka. Kwa mtu mwenye mbalanga, walinzi hao walioponyoka huziona melanosaiti kama adui na kuziua. Wakati wa kuua hutoa kemikali. Seli jirani za ngozi zikiipata kemikali hiyo, nazo hutoa kemikali nyingine ya kuita walinzi zaidi. Hilo ndilo yowe lenyewe. Baka huanza kama punje ya ulezi, likaja kuwa kama sarafu, halafu kama kiganja.

Hayo si ya kubuni. Mwaka 1994 watafiti wa Ubelgiji na wa Marekani waliitambua protini moja ya seli za rangi, ambayo Wabelgiji waliiita Melan-A. Mwaka 1998 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliona katika damu ya wagonjwa wa mbalanga seli T nyingi zinazoitafuta protini hiyo hiyo. Kwa hiyo mshambuliaji alipatikana, na alama anayoifuata ikajulikana. Si mzimu, si mwiko wa ukoo, wala si laana ya mama mkwe.

Na hapa ndugu msikilizaji nakuomba usikilize kwa makini. Mbalanga haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono, kwa kula samaki aliyeshikwa na mgonjwa, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Na si ukoma. Baka la ukoma kwa kawaida hupauka tu, halitakati likawa jeupe kabisa, na mara nyingi hufa ganzi: ukiligusa kwa pamba mgonjwa hahisi. Baka la mbalanga ni jeupe pe, na hisia zake zote zipo. Hata huo ukoma wenyewe leo unatibika kwa vidonge vinavyotolewa bure, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi. Kwa hiyo hata angekuwa nao, mama yule hakustahili kukimbiwa.

Mwezi Februari mwaka 1992 mwanamuziki Michael Jackson alifika Dar es Salaam. Wakati ule watu wengi walinong'ona kwamba amejichubua kwa kuikataa ngozi ya babu zake. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1993, alimwambia mtangazaji Oprah Winfrey kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini. Alipofariki mwaka 2009, madaktari walioupima mwili wake waliandika kwamba kweli alikuwa na vitiligo. Kama mtu tajiri na maarufu kiasi kile alisingiziwa mpaka kaburini, mama wa fungu la dagaa atajitetea kwa nani?

Sasa nije kwenye doa la pili, lile jeusi.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Maisha yake yote alitembea peku, kwenye mtumbwi na mchangani. Mwaka 2011 nilimtembelea, tukakaa nje jioni, akawa amenyoosha miguu. Nikaona chini ya unyayo wake, karibu na kisigino, doa jeusi lenye ukubwa wa shilingi, kingo zake zimechakaa kama ramani. Nikamwuliza, "Mjomba, hicho ni nini?" Akacheka akasema, "Mpwa wangu, huo ni mwiba wa samaki ulibaki ndani. Utatoka wenyewe." Nami nikacheka. Tukaendelea na habari nyingine.

Lile doa lilikuja kuwa kidonda. Mjomba alikwenda kwa mtu akalichoma kwa chuma cha moto, halafu likafungwa kwa majani. Alipofikishwa hospitali tezi za kinena zilikuwa zimekwisha kuvimba kama mayai. Hakumaliza mwaka. Mimi niliyekuwa na cheti cha uandishi wa habari, niliyekuwa nikisoma taarifa za afya redioni, nililiona doa lile kwa macho yangu, nikacheka. Ndiyo maana nasema jambo hili lina kovu la nyumbani.

Ugonjwa ule ni melanoma, saratani ya zile zile melanosaiti. Safari hii seli ya rangi haikuuawa. Imeasi, inazaana bila mpango, kisha inasafiri kwenda kwenye tezi, mapafu, ini na ubongo. Kwa Wazungu hutokea zaidi sehemu zinazopigwa jua. Kwetu sisi weusi hutokea zaidi chini ya unyayo, kwenye kiganja, au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki. Madaktari wa Bugando waliopitia majalada ya wagonjwa wao wa melanoma walikuta hivyo hivyo, kwamba mguu ndio unaoongoza. Bob Marley alipata doa chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Wakadhani ni jeraha la mpira wa miguu. Mwaka 1977 ikagundulika kuwa ni melanoma. Alikataa kukatwa kidole kizima. Mwezi Aprili 1980 aliimba Zimbabwe kwenye sherehe za uhuru, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki akiwa na umri wa miaka 36.

Hadithi ya walinzi wa mwili na melanoma ina ukurasa wake hapa hapa Ziwa Victoria, na ni vema wananchi wakaujua. Katika miaka ya 1960 alikuwapo Kampala daktari aitwaye M. G. Lewis, akichunguza melanoma za nyayo za Waganda na makabila mengine ya Uganda. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la The Lancet la London kwamba huenda mwili wa mgonjwa wenyewe unapigana na saratani hii. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliandika tena, kwamba katika damu ya baadhi ya wagonjwa walikuta kingamwili zinazozishambulia seli za uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Zilionekana wakati ugonjwa ungali mahali pamoja. Ugonjwa uliposambaa, zilitoweka. Kwa maneno mengine, walinzi walikuwa wamemwona mwizi, wakapigana naye, wakashindwa. Miguu ya wakulima na wavuvi wa ukanda wetu huu ilisaidia kuufumbua macho ulimwengu.

Swali likabaki: walinzi hushindwaje? Jibu lilichukua miaka mingi. Seli T zina breki. Mungu aliziweka ili walinzi wasije wakaunguza mji mzima kwa sababu ya mwizi mmoja. Saratani ni mjanja, hujifunza kuikanyaga breki hiyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua namna ya kuiachia, na mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa wagonjwa wa melanoma. Watu waliokuwa wamehesabiwa miezi wakaishi miaka.

Na hapa madoa mawili yanakutana. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wa melanoma waliopewa dawa hizo walianza kutoka mabaka meupe kama yale ya mama wa Butimba. Walinzi waliofunguliwa breki waliziua seli za saratani, na wakaziua pia seli njema za rangi, kwa sababu zote huvaa sare moja, ile Melan-A na wenzake. Cha ajabu ni kwamba wagonjwa waliotoka mabaka, kwa jumla, waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Huko Ulaya imeonekana pia kwamba watu wenye mbalanga hupata melanoma kwa nadra kuliko watu wengine. Jeshi linaloonewa lawama kwa mtu huyu ndilo linalotafutwa kwa mamilioni ya fedha kwa mtu yule.

Lakini nisikudanganye, ndugu msikilizaji. Dawa hizo ni za mamilioni ya shilingi, hazimfikii mwananchi wa kawaida. Tena, hazifanyi kazi vizuri kwa melanoma ya unyayo kama zinavyofanya kwa ile ya juani. Sababu ni kwamba jua huacha makovu mengi ndani ya seli, na makovu hayo ndiyo alama zinazowasaidia walinzi kumtambua mwizi. Saratani ya unyayoni imekulia kivulini, ina alama chache. Kwa hiyo kwetu sisi dawa kubwa ni kisu cha daktari, na kisu hicho kina maana kama doa limefikishwa mapema.

Siwezi kuzungumzia rangi ya ngozi hapa Mwanza nikawaruka ndugu zetu wenye ualbino. Wao ni habari tofauti, na watu huchanganya. Mwenye ualbino anazo melanosaiti, wala hakuna walinzi waliozishambulia. Wafanyakazi wapo kiwandani, ila mashine ya kutengeneza rangi ilirithiwa ikiwa na hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa kukosa mwavuli huo, jua huwaunguza toka utotoni. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha habari za wagonjwa 64 wenye ualbino na saratani ya ngozi. Robo tatu walikuwa na saratani ya seli za juu za ngozi, inayoota usoni, shingoni na masikioni. Melanoma kwao ni nadra. Saratani hiyo ya jua huzuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi. Hawa ndio ndugu ambao kuanzia miaka ya 2006 na 2007 waliwindwa katika kanda yetu kwa imani za kishetani. Tukiulizana ujinga juu ya rangi ya ngozi unagharimu nini, jibu tunalo, na tunaona aibu kulitamka.

Sasa tufanye nini?

Mwenye baka jeupe aende hospitali kwanza ahakikishiwe kwamba si ukoma, si utangotango, ni mbalanga. Zipo krimu za kuwatuliza walinzi, upo mwanga maalumu wa kutibu ngozi, na mwaka 2022 Marekani iliruhusu krimu iitwayo ruksolitinibu, ambayo huziba masikio ya seli zisilisikie lile yowe. Matibabu huchukua miezi mingi. Rangi hurudi kwa vitone vidogo kuzunguka vinyweleo, kwa sababu mbegu za seli za rangi hujificha kwenye mashina ya nywele. Ndiyo maana uso hupona upesi kuliko viganja na midomo. Ukiacha dawa baka laweza kurudi pale pale, kwa kuwa baadhi ya walinzi hubaki ngozini na kumbukumbu zao. Asikudanganye mtu anayeuza chupa ya siku saba.

Nanyi akina dada, na siku hizi akina kaka, wa mkorogo: serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na si kwa kuwaonea. Mwaka 1939 huko Marekani wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliovaa glavu za mpira walitoka mabaka meupe mikononi. Chanzo kilikuwa kemikali ya ukoo ule ule wa haidrokwinoni iliyokuwamo kwenye mpira. Ukiichokoza seli ya rangi, hujui walinzi watakuja na hasira gani.

Mwenye doa jeusi asingoje. Kila mwisho wa mwezi kaa kwenye kigoda, nyanyua mguu, tazama unyayo na kati ya vidole. Kama huoni vizuri, mwombe mwenzako au mtoto akutazamie. Doa linalokua, lenye rangi mbili tatu, lenye kingo zisizo sawa, lililozidi milimita 6, linalotoa damu, au kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, lipeleke hospitali. Mstari mweusi kwenye ukucha unaopanuka na kuchafua ngozi ya pembeni, upeleke pia. Usilichome, usilichanje, usilikwangue kwa wembe. Daktari atakata kipande kidogo kikapimwe. Ikiwa ni mwiba tu, utarudi nyumbani unacheka. Mjomba wangu hakupata nafasi hiyo ya kucheka mara ya pili.

Juzi nilirudi Butimba. Mama alikuwa mahali pake, mikono bado chini ya khanga. Nikamweleza haya niliyowaeleza ninyi, kwa ufupi. Akasikiliza, kisha akaniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, mimi nimekuelewa. Hao wanunuzi nao nani atawaeleza?"

Nikamwambia nitajaribu. Ndugu msikilizaji, nimejaribu. Wewe unayekwenda sokoni kesho asubuhi, nenda kanunue fungu lako kwa mama yule, umpe fedha mkononi, naye akurudishie chenji mkononi.